Walivyonipika Harusini

Waberi, Garissa

Mama yangu mpenzi,

Nakushika miguu. Goti lako je? Bado linakuamsha kabla ya adhana, au ile dawa ya kuchua niliyokutumia imefika na imefanya kazi? Kaka Athmani ameshalitengeneza paa la jikoni au bado anasema kesho? Na yule paka wako mwizi, ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, nakula na nalala. Ila moyo umenichafuka, mama, umechafuka kwelikweli, na ndiyo sababu ya karatasi zote hizi.

Najua utasema kwa nini nisipige simu kama watu wengine. Nikipiga simu, Athmani anaweka spika, na spika ikishawekwa baraza inajaa. Mara ya mwisho nilikwambia nimeota kipele mgongoni, na kabla sijala chakula cha jioni Bi Rehema wa mkaa alishanitumia ujumbe kuhusu kipele changu. Haya ya leo siyo ya spika. Mpe Maimuna akusomee chumbani kwako, mlango ufungwe, na pale penye mambo ya kinyaa mwambie asiruke mstari.

Kila tukizungumza unaniuliza lile lile: "Rukia, huko una watu?" Nikikujibu nina wafanyakazi wenzangu unasema sikuulizi wafanyakazi, nakuuliza watu. Mtu wa kukuokota ukianguka. Sasa Mjomba Bwanaheri amenitafutia nafasi kwenye zahanati ya rafiki yake hapo Malindi, na anataka jawabu kabla mwezi haujaandama. Umesema mtu hakai pasipo na watu wake, na kama sina, nirudi nyumbani. Mama, jawabu ninalo. Lakini hutalifahamu mpaka kwanza nikusimulie walivyonipika na kunila. Ndiyo, umesikia sawasawa, walinila.

Inabidi nianze na makorongo. Wewe ukisikia korongo unafikiria ndege mweupe mzuri wa kwenye kalenda. Lahaula! Wa Garissa ni madege, kimo chake kinamfika mtoto wa shule, kichwa kina upara wenye madoa mekundu, na shingoni linaning'inia fuko la nyama kama soksi iliyolowa. Wanashinda jaani wakila mizoga. Joto likizidi, na huku joto halijui kupumzika, wanajinyea miguuni ili miguu ipoe. Wanafanya makusudi, mama! Ile miguu unaiona myeupe, ukidhani ndiyo rangi yake, kumbe. Kwenye njia yangu ya kwenda kazini kuna mti wanaolala, na mimi hupita chini yake nimefungua mwavuli, nikikaza mwendo na kuziba pua.

Nawe unanijua, mimi siyo mtu wa kuona kinyaa ovyo. Fundi wa maabara ataonaje kinyaa? Kutwa nzima nimeinamia vikopo vya choo na makohozi ya watu, na saa ya chakula ikifika nanawa, nakula, nashiba. Kazini kila uchafu una kikopo chake na kifuniko chake. Uchafu usio na kifuniko ndio unaonitoa roho.

Sasa nikujulishe watu wenyewe. Mwenye nyumba wangu ni Eeddo Barwako. Eeddo kwao ni shangazi, na hapa uani kila mtu anamwita hivyo, hata wauza maji. Ni mama mrefu, mkavu, ana sauti ya kuamrisha, p kwake ni b kama kwa wengi hapa, na kwa miezi ya kwanza sikusikia kwake ila "Funga mfereji" na "Taa!" Mpwa wake ni Hodhan, anayetoa dawa kwenye zahanati ninayofanya kazi, ndiye aliyenipatia chumba hiki. Nyumba ya pili anakaa Fardosa, binamu yake Hodhan, ametoka Bute, huko juu Wajir, na anauza maziwa ya ngamia sokoni. Na yuko Sahara, anasomea unesi, amekaa Nairobi miaka miwili na akarudi na Sheng isiyotibika.

Siku moja Hodhan akaniambia tukiwa tunafunga zahanati, "Abaayo, Alhamisi baada ya alasiri njoo uani tucheze." Abaayo ni kama kusema dada. Nikadhani ni karata. Nilivyokuwa mpweke, mama, ningekwenda hata kama ni kuruka kamba. Idd iliyopita nilipika biriani nikaila peke yangu nimekaa kitandani, na sikukwambia kwa sababu ya ile spika.

Kumbe siyo karata. Ndugu yake Hodhan aliyeko ng'ambo alimletea karatasi mbili za mchezo wa kuigiza kwa mdomo. Mnakaa mkekani, kila mmoja anajifanya mtu fulani, anasema anafanya nini, na mmoja wenu ndiye anayesimulia yanayotokea. Kanuni zake chache hata mtoto angezishika. Zile karatasi zilihusu mambo ya Wazungu, majumba na mazimwi, Hodhan akayatupa yote. Wake yeye ni hivi: nyinyi ni makorongo. Mmesikia kuna harusi kubwa mjini ya tajiri wa mifugo. Mmejivika nguo za watu, mmeingia harusini, na mnataka kula nyama mkashiba bila kujulikana.

Toba! Nilitaka kuinuka papo hapo.

Mchezo wenyewe unataka dadu, lakini dadu haikuingia uani, kwa sababu Eeddo Barwako alisema dadu ni kamari na hataki kamari kwake. Basi badala ya dadu wanarusha champali. Na si champali ya maana, ni ile ya mpira ya kuendea chooni, iliyochakaa kisigino. Ukitaka kufanya jambo gumu unairusha juu: ikilala chali umefaulu, ikilala kifudifudi umeshindwa, na ukishindwa mara tatu mfululizo umekwisha. Tena kila mchezaji anahitaji kitu cha kuonyesha alipo mkekani. Fardosa akatia mkono kwenye mfuko wa dera lake akatoa mavi ya ngamia, makavu, ya mviringo, akatugawia kama anagawa tende. Nikasema sishiki. Akanitazama kwa huruma. "Hii ni majani tu," akaniambia. "Ngamia nakula majani, natoa majani. Wewe nashika choo ya watu kila siku!"

Nikatumia kifungo cha shati. Mpaka leo nacheza na kifungo.

Sasa sikiliza makorongo wetu walivyokuwa. Korongo wa Sahara alivaa suti ya kuazima akajiita Mheshimiwa, na kila akikaribia kugundulika anasimama anahutubia. Wageni wanapiga makofi, hakuna anayemuuliza kwa nini ana upara wenye madoa, maana wanamwona mheshimiwa kama waheshimiwa wengine. Korongo wa Fardosa aliitwa Gurey. Huyo hakuwa na haya hata chembe. Aliiba nyama akaificha kwenye fuko la shingo, na alipoamkiwa na baba wa bwana harusi, wakakumbatiana, fuko likabanwa, supu ikamchirizikia mzee wa watu kwenye kanzu. Fardosa hasemi tu, mama, anaitoa na sauti yenyewe kooni. Anafanya "kwaaak", anameza, anacheua, anameza tena. Nilikaa nimeziba mdomo kwa leso.

Wangu mimi nilimwita Bi Msafi. Nilisema korongo wangu ana adabu zake, hajinyei miguuni, amekuja na kipande cha sabuni, na kila akipewa nyama anaiosha kwanza. Walicheka mpaka Sahara akalala chali. "Manze, korongo ako na sabuni!" Hodhan alicheka kimya, mabega yakimtikisika. Hata Eeddo Barwako, ambaye alikuwa amekaa kibaoni anachambua mchele, ametugeuzia mgongo kwa sababu eti ni upuuzi wanawake wazima kucheza ndege, nilimwona kichwa kikitikisika. Mara akageuka, uso ameukaza. "Harusi gani hiyo haina ngamia?" akasema. "Mbuzi bekee? Hiyo ni matanga." Hodhan akaongeza ngamia.

Nilirudi chumbani nimekula kiapo sirudi tena kwenye mchezo ule mchafu. Alhamisi iliyofuata nikarudi. Nilijiambia nafuata sambusa za Hodhan. Na ile nyingine pia nikarudi. Mama, ilifika mahali niko kwenye hadubini yangu natafuta vijidudu, na kumbe namfikiria Bi Msafi, ataingiaje kwenye chumba cha bibi harusi bila kuacha unyoya. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Na Fardosa akaanza kuniwekea kijidumu cha maziwa mlangoni kila asubuhi, yenye harufu ya moshi, siyapendi mpaka leo, lakini nilikuwa nayanywa yote.

Ndipo ikafika siku ya kupikwa.

Mchezoni tulikuwa tumefika kwenye jiko la harusi. Masufuria makubwa ya pilau yanachemka, wapishi wamesimama na miko kama askari. Gurey akataka nyama ya kwenye sufuria. Hodhan akamuuliza, "Utawatoaje wapishi hapo?" Fardosa akafikiria, akanitazama, akatabasamu na jino lake la dhahabu. "Namsukuma Bi Msafi ndani ya sufuria," akasema. "Wao watashughulika na yeye, mimi nakula."

Nilidhani anatania. Akarusha champali, ikalala chali. Bi Msafi akaingia kwenye pilau, miguu juu.

Hodhan akaniambia, "Abaayo, rusha utoke." Nikarusha. Kifudifudi. Nikarusha tena, kifudifudi. Naona haya kukwambia, yote haya kwa ajili ya ndege wa uongo. Nikaipuliza champali ile, mimi, nikaipuliza champali ya chooni kwa mdomo wangu, nikairusha kwa bismillahi. Kifudifudi.

Basi Hodhan akasimulia. Na Hodhan akisimulia, mama, hakuachii kitu. Manyoya yanavyonyonyoka na kushikamana na wali. Fuko la shingo linavyovimba na kupasuka. Kile kipande cha sabuni kinavyoyeyuka mpaka pilau ikatoa povu, na wageni wanavyosifu povu wakidhani ni samli. Nikasema basi, yatosha, amekufa. Lakini Hodhan akamgeukia Fardosa akamuuliza, "Na Gurey, naye amepakuliwa pilau ile. Atakula?"

"Kwa nini asikule?" Fardosa akasema. "Chakula haitubwi."

Akachukua sambusa, akaiuma huku ananitazama machoni, akatafuna polepole, kisha akaingiza kidole mdomoni akajifanya anatoa unyoya katikati ya meno. Akautazama. Akaulamba. Sahara alikuwa chini anapiga mkeka kwa kiganja: "Umeliwa! Rukia, umeliwa na beshte yako!"

Sijui kilichonipanda. Niliinuka, nikaichukua ile champali nikaitupa nje ya ukuta, na nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua: "Nyinyi hamna hata chembe ya haya. Mimi nina kwetu. Nitarudi kwetu kwenye watu wangu. Hapa sina mtu!"

Kicheko kikakatika. Sahara akainuka akakaa. Fardosa bado alikuwa ameshika nusu ya sambusa. Na Eeddo Barwako kule kwenye kibao chake aliacha kuchambua mchele, mikono ikabaki ndani ya ungo. Nikaingia chumbani kwangu nikafunga mlango, nikatoa sanduku, nikaanza kukunja nguo.

Wiki hiyo ilikuwa mbaya. Hodhan akiniletea vikopo maabara anaviweka mezani na kusema "Vya leo," basi, anaondoka. Sahara akiniona anainamia simu. Mlangoni pangu hapakuwekwa maziwa. Mimi nikasema vizuri, afadhali, harufu yake ilikuwa inanichefua, na kila asubuhi nafungua mlango natazama chini. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Mjomba Bwanaheri. Ningempigia siku ya Ijumaa.

Alhamisi baada ya alasiri nikasikia hodi kwenye lango la uani. Nikachungulia dirishani. Fardosa amesimama, kichwa chini, na pamoja naye wanawake watatu wazee nisiowajua, mmoja ameshika bakora ya kiume. Nyuma yao Sahara anamburura mbuzi.

Hapa nikueleze kitu, ndio utaelewa. Huku mtu akiuawa, ukoo wa muuaji hauleti pole tupu. Wazee wao wanakwenda kwa ukoo wa marehemu, wanakaa chini, wanakubali kosa, na wanalipa mifugo. Malipo hayo wanayaita mag. Muuaji halipi peke yake, ukoo mzima unachanga. Na anayepokea si mtu mmoja, hugawana ukoo mzima wa marehemu. Ni kazi ya wanaume wazee, nzito, haifanyiwi mzaha. Zile karatasi za ng'ambo zinasema korongo wako akifa unajichagulia mwingine, mchezo unaendelea. Hodhan ameniambia baadaye kwamba walijaribu. Walikaa bila mimi wakashindwa. Fardosa alisema ameua na hajalipa, hawezi kucheza.

Lakini mimi wakati ule nilidhani wamekuja kunicheka. Nikatoka nimevimba. Hodhan akanikalisha mkekani, na wale wazee wakakaa upande wa pili, hakuna hata jino lililoonekana. Mwenye bakora akakohoa kama mzee wa kiume, akaiweka bakora mbele yake.

"Sisi ni watu ya Gurey," akasema. "Ndege yetu ameua ndege yenu. Tena amekula. Hiyo ni aibu kubwa, hatujawahi ona. Hatukatai. Tumekuja na amani." Akatazama huku na huku. "Nani anabokea?"

"Mimi," nikasema. "Ni mimi mwenyewe."

Wakatikisa vichwa wote watatu. "Wewe ndiye marehemu," akasema mwenye bakora. "Marehemu habokei. Watu yake ndio nabokea. Watu yako wako wabi?"

"Malindi."

"Malindi ni mbali."

Mbuzi alichagua wakati huo huo kukojoa, na mkojo ukawa unakuja taratibu kwenye mkeka kuelekea kwangu, na sikusogea. Nilikuwa namtazama yule mama mzee na bakora yake. Swali lako lile lile nililokuwa nakwepa kwenye simu nimeulizwa mbele ya watu, na jawabu langu lilikuwa limeshasikika na wote wiki iliyopita.

Nikasikia kibao kikiburutwa. Eeddo Barwako aliweka ungo chini, akakung'uta dera lake, akavuka ua, akaketi kando yangu mkekani. Magoti yake yalilia. Alikaa karibu, bega lake likanigusa.

"Mimi nabokea," akasema. "Huyu ni wangu."

Kisha akanigeukia, na kwa sauti ndogo, mimi tu nimsikie, akasema, "Ulisema huna mtu. Taa ya nani nazima kila usiku? Hiyo maneno imeniuma."

Nilijaribu kusema nisamehe Eeddo, nikatoa sauti kama ya Gurey. Hakunisubiri, alikuwa ameshawageukia wageni. Akamtazama mbuzi toka pembe mpaka kwato, akafyonya.

"Moja?" akasema. "Mumeleta mbuzi moja? Kwa msichana kama huyu?"

Mama, ungekuwepo! Alinisifu mpaka nikatamani ardhi inimeze. Amesoma, akasema. Kodi analipa siku ya siku. Anaswali. Anapima choo ya mji huu mzima, kila mtu hapa Garissa mwenye tumbo yake, huyu anaijua ndani! Wazee wakasema lakini aliyekufa ni ndege. Akasema ndege ya nani? Ndege ya huyu! Tena ndege msafi, anatembea na sabuni, wapi tena mtatoa korongo ya sabuni? Mwenye bakora alijibana midomo, machozi yanamtoka, mabega yanacheza, lakini hakucheka. Wakainuka wakaenda pembeni kunong'ona, wakarudi. Wakaongeza maziwa, kila asubuhi, kwa mkono wa Fardosa mwenyewe, mpaka Eeddo aseme basi. Wakaongeza kwamba Fardosa ataifua ile champali, maana watoto wa jirani waliiokota na kuirudisha. Hapo Eeddo akanyoosha mkono wakashikana.

Baada ya hapo ndipo walipocheka, na walicheka, wallahi, mpaka majirani wakapanda ukutani kuuliza kuna nini. Fardosa akanijia, akanishika mikono. "Abaayo, nisamehe kukukula," akaniambia, na hakuwa anatania hata kidogo. Nikamwambia ulinila vibaya, ungenawa kwanza. Mikono yake ilikuwa inanuka mbuzi na moshi na nikaishika tu.

Nilidhani mbuzi atachinjwa jioni ile. Eeddo akakataa. Ni mbuzi jike, wa kufuga, akasema, na mwenye mali hapa haamki tu akapanda basi. Kwa hiyo mbuzi ninaye, amefungwa nje ya dirisha langu. Ananuka, mama, ananuka mpaka ndoto zangu zinanuka. Amekula leso yako ya manjano uliyonipa siku ya kuondoka. Anakula makaratasi, na viroboto wake wamenihamia. Na Alhamisi natakiwa mkekani. Nitaingia kama mtoto wa Bi Msafi, ametoka Bura kuja kuulizia mamake, naye pia ana sabuni.

Basi mwambie Mjomba Bwanaheri namshukuru sana, asiende kwa rafiki yake. Mwambie vizuri, kwa maneno yako matamu, asije akadhani nimemdharau. Kisa cha kuliwa usimwambie, hataelewa, atakuja kunichukua na gari.

Nisalimie Athmani, na umwambie paa halijitengenezi. Maimuna, mdogo wangu unayesoma haya, nakubusu, na ukicheka pale kwenye fuko la shingo nitajua. Nisalimie mjomba na mkewe, Bi Rehema wa mkaa kwa dawa yake ya kipele, ambayo ilisaidia, na bibi yangu mzaa baba, mwambie namwombea kila swala.

Eeddo Barwako amenisimama mgongoni sasa hivi anauliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia namwandikia mama. Amenuna kidogo, akaketi kitandani kwangu, akaniamrisha niandike maneno yake, na hapa nayaandika kama alivyoyasema. Anasema mag hailiwi na mtu mmoja, na mama mzazi ndiye wa kwanza kugawiwa. Anasema mbuzi ana mimba, amempapasa mwenyewe. Mtoto akizaliwa ni wako, na hatauzwa wala kuchinjwa, atakungoja mpaka goti lipone uje umwone. Nimemuuliza mama yangu atafikia wapi, hapa hamjui mtu. Amenitazama kwa karaha, mama, kama mimi ninavyowatazama makorongo.

"Hamjui mtu?" amesema. "Na mimi ni nani?"

Mwanao unayemfahamu,
Rukia